Jani Alilochumiwa Ndelilio

Huko Uchagani, mlimani, aliishi mkulima aitwaye Kundaeli. Alikuwa na kihamba, yaani shamba la migomba alilorithi kwa baba yake, na kati yake na jirani yake Ndelilio palikuwa na mstari wa masale. Masale ni mimea ya majani marefu. Watu wa huko huipanda mpakani. Tena mtu akimkosea mwenzake, huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea. Anayeletewa isale, mila haimruhusu kukataa kusamehe.

Mwaka mmoja Kundaeli alishuka tambarare kuvuna mahindi. Aliporudi akakuta mpaka umehama. Migomba aliyoipanda marehemu mama yake, iliyolisha watoto wake wote, sasa ilikuwa upande wa Ndelilio, na mkungu mmoja ulikuwa umeshakatwa.

Mdogo wake Manase akaja mbio. "Kaka, usiumize kichwa. Usiku tunayahamisha masale hadi chini ya dirisha lake. Asubuhi akitema mate, yaangukie kwako."

Kundaeli alicheka, lakini hasira alikuwa nayo. Jembe alilishika kweli, mtu asikudanganye. Kisha akaliegemeza tena ukutani. "Tukifanya hivyo wezi watakuwa wawili, na mpaka hautakuwepo."

Kesho yake akaenda kwa Ndelilio mchana kweupe. "Jirani, mpaka si ule. Mimi najua na wewe unajua. Sitausogeza gizani, wala sitasema ni sawa."

"Na shahidi wako ni nani? Hayo masale?" Ndelilio akajibu, akaendelea kumenya ndizi zake.

Kundaeli akarudi kwake, akamwomba Mungu. Walipokutana kanisani alimsalimia, ingawa kuna Jumapili salamu ilimtoka kwa shida. Alipoulizwa habari za mpaka, alisema ukweli uleule, bila kuutia chumvi.

Zikanyesha mvua za vuli. Sasa, Ndelilio kwa haraka yake hakuwa ameng'oa kitu. Aliyakata masale, akapanda vipande ndani ya kihamba cha Kundaeli, na mashina ya zamani akayafunika kwa majani makavu ya migomba. Isale halifi hivyo. Palepale penye mpaka wa zamani yakachipua, mstari mzima, mabichi yanang'aa. Manase alipoyaona alitaka apige yowe kijiji kije kishuhudie. Ndelilio naye aliyaona, akajifungia ndani.

Kundaeli alimnyamazisha mdogo wake. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akaenda kubisha hodi. Ndelilio alipofungua na kuona isale, alishangaa. "Kwani wewe umenikosea nini?"

"Sijakukosea. Nimekuchumia wewe, maana nilijua aibu haitakuacha uje kulichuma. Shika. Sasa niletee."

Ndelilio alilipokea kwa mikono miwili. Kicheko kikamtoka, na machozi humohumo. Akatoka, akazunguka kwa njia kuu, akaingia kwa Kundaeli kwa mlango wa mbele kama mgeni mwenye heshima, jani mkononi. Manase ndiye aliyemkaribisha kiti. Siku ileile waliyang'oa masale ya uongo wakiwa watatu, safari hii na mizizi yake, na mkungu wa migomba ya mama ukapikwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nyumba mbili zikala chungu kimoja, Ndelilio akitaniwa kwamba hata kuiba mpaka hajui, na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote.

Ndugu zangu, Mungu alituchumia jani sisi tukiwa bado tumejifungia ndani. Na yule aliyekuibia wewe, umeshamchumia lake?