Wimbo wa Maji na Kamati ya Fisi

Mwaka ule mvua iliwasahau wanyama wa nyikani. Mito ikabaki mchanga, vijito vikabaki majina. Lakini walikuwa na kitu kimoja cha kuwaokoa: Wimbo wa Maji. Kila ubeti wake ulitaja mahali penye maji na njia ya kufika. Wimbo huo haukuwa na mwenyewe. Kila mnyama aliruhusiwa kuuimba, kuwafundisha wageni, na kuuongezea ubeti alipogundua kisima kipya.

Sharti lilikuwa moja tu. Ubeti mpya hauimbwi mpaka uonjwe. Yaani mnyama mwingine, asiye ndugu wa aliyeuleta, aende mpaka mahali penyewe, anywe, kisha arudi mbele ya wote aseme, "Nimeonja." Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha na haikuwa na sifa, kwa hiyo wote walimwachia Kobe. Kobe hakuchoka wala hakulalamika. Kasoro yake ilikuwa mwendo.

Siku hizo Ngiri alikuwa ameleta ubeti wa chemchemi ya Mwambani, na Kobe alikuwa ameondoka kwenda kuuonja. Wanyama walimngoja, wakamngoja, wakaanza kumsema. Fisi akaona nafasi yake imefika.

"Ndugu zangu," akasema barazani, "tutakufa kwa kiu tukimngoja mzee mmoja na gamba lake! Huu ni wakati wa maendeleo. Tuunde kamati."

"Kamati ya nini?" akauliza Sungura, masikio yamemsimama.

"Kamati ya kuharakisha. Na mwenyekiti awe Mfalme Simba."

Simba alikuwa amelala, lakini cheo kilimwamsha. "Ubeti wa kwanza utanitaja?"

"Utakutaja wewe peke yako, Mfalme."

"Basi kamati hiyo ni nzuri sana," akasema Simba, akalala tena.

Wajumbe waliobaki aliwateua Fisi mwenyewe: kaka yake, shemeji yake, na mjomba wake mwenye chongo.

"Mbona wote ni fisi?" akauliza Ngiri.

"Ngiri, acha ukabila," Fisi akamjibu. "Huyu ana madoa, yule ana milia, na mjomba ana jicho moja. Huoni tulivyochanganyika?"

Wanyama walikuwa na kiu, na mwenye kiu habishani sana. Wakakubali.

Kuanzia hapo kuonja kukafutwa. Aliyeleta ubeti pamoja na mfupa, ubeti wake ulipita palepale. Aliyeleta ubeti bila mfupa aliambiwa arudi kesho, na kesho aliambiwa vivyo hivyo. Kaka mtu alileta beti zikapitishwa na shemeji, shemeji akaleta zake zikapitishwa na mjomba. Na kila baraza lilipokutana, Fisi alisoma taarifa kwa sauti ya kujidai.

"Tazameni maendeleo! Wimbo ulikuwa mfupi kama mkia wa Sungura. Sasa mtu akianza kuuimba asubuhi, jua linamchwea njiani!"

Wanyama wakapiga makofi, huku ndimi zimekauka.

Siku moja Mama Paa alirudi akimsukuma mtoto wake kwa pua. Alikuwa ameufuata ubeti mpya mpaka nyuma ya vilima, akakuta vumbi na kinyesi cha fisi. Mtoto alianguka kwenye majani makavu, asiweze kuinuka.

"Bwana Fisi," Mama Paa akasema, "kisima chenu hakipo."

"Hakipo? Basi leta ombi la kukirekebisha," akajibu Fisi. "Usisahau mfupa."

"Mwanangu hana safari mbili tena miguuni. Nikikosea tena njia, namzika."

"Pole, mama. Kamati itakaa."

Sungura alisikia yote. Kwa kawaida yeye hucheka mambo ya wenzake, lakini siku hiyo hakucheka. Hasira zilimpanda, akajikuna kichwa, kisha akaenda kwenye kamati na mfupa mkubwa begani.

"Nimeleta ubeti," akasema, akaimba:

"Bondeni kwa miiba, tope limekauka juu,
chini maji ya baridi, matamu kama asali,
na nyati aliyenona kanasa katikati,
amekufa jana tu, mbavu zote bado mbichi!"

Mate yakamdondoka Fisi. Alijua vizuri kwamba Sungura ni mwongo, ila tumbo lake halikujua.

"Mtauonja kwanza?" akauliza Sungura kwa adabu.

"Umepitwa na wakati wewe! Siku hizi hatuonji. Ubeti umepita!" Kisha Fisi akawageukia wenzake na kunong'ona, "Ubeti huu usiimbwe barazani. Ni wa kamati tu."

Wakatoka mbio, wote wanne. Walipofika bondeni, hawakumwona nyati, lakini kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumla, wakazidisha mbio. Tope lilikuwa limekauka juu kama Sungura alivyosema. Chini lilikuwa bichi. Likawapokea mpaka matumboni, likawashika.

Walitukanana hapo mpaka sauti zikakauka. Ndipo wakamwona Kobe akipita ukingoni, anatoka Mwambani, polepole, mdomo bado una unyevu.

"Kobe, babu yetu mpenzi!" Fisi akalia. "Wahi kuwaambia waje na kamba!"

"Nitawahi," akasema Kobe, akashika njia kwa mwendo wake uleule.

Alipofika barazani, wote walimzunguka. Kobe hakuwa na habari ya kamati wala ya maendeleo. Akasema kama ilivyokuwa desturi:

"Ubeti wa Ngiri. Chemchemi ya Mwambani. Nimeonja. Maji yapo, mengi, na njia haina mlima."

Mama Paa hakungoja neno la pili. Tembo akambeba mtoto kwa mkonga, wakaenda wote, na jioni ile mtoto wa Paa akanywa mpaka tumbo likamvimba. Mama yake alilia bila kuficha machozi.

Walipokwisha kunywa, Kobe akakumbuka. "Aa, na akina Fisi wamenasa topeni. Wanataka kamba."

"Habari hiyo umeileta wewe," akasema Sungura. "Kwa sharti letu, lazima mwingine akaionje. Nani ataenda?"

Ngiri akasema ana mafua. Simba akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba kamati ile haifai. Mwishowe Konokono akajitolea kwa moyo mmoja, na wote wakamsifu, wakamtakia safari njema.

Sungura akapanda juu ya jiwe. "Sasa, ndugu zangu, kwa kuwa ni mimi niliyeuokoa Wimbo, naona kamati mpya iwe mimi, mke wangu na watoto wangu. Wao ni wepesi, tena ni wengi."

Wanyama wakatazamana, wakaangua kicheko. Wakaamua palepale, bila kura ya Sungura, kwamba kila ukoo utakuwa na mjumbe mmoja tu, awe fisi, awe simba, awe hata mkombozi wa Wimbo. Mwamba ngoma huvutia kwake.