Kisima cha Mkate wa Jana

Aliyeisimulia kwanza hekaya hii ni Bi Esha binti Kombo, mwokaji mikate, mwaka ule tanuri lake lilipopasuka akakaa msimu mzima bila kazi ya mikono. Na waliomsikia wameihifadhi kama alivyoitoa.

Alisema kwamba katika mji wa Kiwandeo alitawala Sultani Mahadhi bin Nasibu, mtu mkarimu na mwenye kupenda sifa, na mji wake ulikuwa mashuhuri kwa mikate: ya ufuta, ya mofa, na ya ngano iliyoumuka ikapanda kama mito ya kulalia. Na sultani alikuwa ametoa amri kwamba rafu ya mwokaji isionekane tupu kabla ya adhana ya magharibi, ili mgeni aingiaye jioni asije akasema Kiwandeo kuna dhiki. Basi waokaji wakaoka asubuhi, na wakaoka adhuhuri, na wakaoka tena alasiri, si kwa ajili ya mlaji bali kwa ajili ya rafu, na kila siku mikate mingi ikabaki.

Na watu wa mji ule walikuwa wacha Mungu. Kipande cha mkate kikianguka njiani, aliyekiona alikiokota, akakibusu, akakiweka juu ya ukuta, kwa kuwa riziki haikanyagwi. Kwa hiyo mkate wa jana hawakuutupa jaani. Waliutia katika kisima kikavu nyuma ya soko, mahali pasipofika mguu wa mtu, wakarudi nyumbani nyoyo zao zimetulia. Hakuna aliyejiuliza kisima kile ni cha nani.

Katika waokaji hao alikuwamo Mwana Jaha, yatima aliyerithi tanuri la babake. Alikuwa ameposwa na Idarusi, mchukuzi wa makapu, na harusi yao ilipangwa mwezi ukiandama. Jioni moja Idarusi aliinamisha kapu juu ya kisima kama desturi, na mkono mweusi kama mkaa ukatoka chini, ukamshika, ukamzamisha. Kisha sauti ikapanda na kutikisa soko zima.

"Enyi wana wa Adamu, mimi ni jini Barkashi, nanyi mmenizika ningali hai. Nyumba yangu mmeijaza mkate hata sina pa kunyoosha mguu. Mtu wenu nimemchukua, na mwezi ukiandama kisima hakijawa kitupu, hamtamwona tena. Wala mkate huu msiutupe pengine. Kila kipande kipate kazi yake."

Watu wakasema haiwezekani, maana mkate wenyewe ulikuwa mgumu kama tofali. Mwana Jaha hakubishana nao. Alifunga kapu kwa kamba, akaliteremsha, akamwita mchumba wake kwa jina.

"Nipo," sauti ya Idarusi ikajibu kutoka chini. "Njaa sina, hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Tangu hapo Mwana Jaha akawa akichota mkate. Mkate uliokauka aliutwanga ukawa unga, na wakaanga samaki wakaununua wa kuwapaka samaki wao. Ule uliokuwa laini bado aliuroweka katika tui la nazi na sukari na iliki, akauoka upya, na watu wakala wakaulizana jina la chakula kile. Maganda magumu aliyatia mtungini na maji ya vuguvugu hata yakachacha, na chachu hiyo ikaumua donge la kesho vizuri kuliko hamira ya dukani. Na ule uliooza aliuchanganya na majivu na majani, ukawa mbolea ya migomba.

Lakini kila adhana ya magharibi ilipokwisha, waokaji walikuja na makapu yao, wakaubusu mkate wao, wakautia kisimani, kwa kuwa amri ya sultani ilikuwa palepale. Na hilali ilikuwa karibu.

"Mwenzangu," Idarusi akamwita jioni moja, "asubuhi mkate ulinifika kiunoni, na sasa uko kidevuni. Huko juu mnachota au mnajaza?"

Mwana Jaha akaivuta kamba juu. Akarudi nyumbani, akapita kwa majirani akiuliza nani atataka mkate kesho na kiasi gani, na siku ya pili akaoka huo tu. Alasiri haijatimia, rafu yake ilikuwa tupu, naye akakaa mbele yake bila kuifunika.

Bi Nunu, mwokaji jirani yake, akaja kuchungulia. "Shoga, umefilisika, au bwana harusi wa kisimani amemaliza unga wote?"

Askari wakamchukua Mwana Jaha hadi barazani, na Sultani Mahadhi akamuuliza kama anautangazia mji wake njaa.

"Maulana," akasema Mwana Jaha, "rafu tupu haisemi watu wana njaa. Inasema watu wamekula. Mgeni akija nitamwokea, atangoja kidogo, naye atakula mkate wa moto. Na kama maulana ana shaka, twende kisimani, akamuulize mtu anayezamishwa na ukarimu wetu."

Sultani akainuka, akaenda, akasimama ukingoni mwa kisima, akamsikia Idarusi akikohoa makombo. Pembeni mwa mguu wake palikuwa na kipande cha mkate wa jana. Akakiokota, akakibusu, akanyoosha mkono akitupe chini kama walivyozoea wote, na mkono ukamfia hewani. Kisha akakitia kinywani. Kilikuwa kigumu, akakitafuna muda mrefu mpaka akakimeza.

Jioni ile amri iliondolewa, na hakuna kapu lililokuja kisimani. Mji mzima ukachota, Bi Nunu mbele yao, na hilali ilipoonekana, sakafu ya kisima ilikuwa imefagiliwa. Jini akamtoa Idarusi mweupe kwa unga, na akampa Mwana Jaha mtungi wa chachu usiokauka kwa muda wote utakaolishwa mkate uliobaki.

Wakaoana, na karamu yao ilikuwa mkate wa tui uliookwa kwa kapu la mwisho la kisimani. Wakatajirika, kwa kuwa wageni walikuja Kiwandeo kwa ajili ya kungoja mkate wa moto. Na mji ukajifunza kwamba heshima ya riziki si kufichwa mahali pasipokanyagwa, bali ni kuliwa.

Sultani Mahadhi amekufa, na Bi Nunu amekufa, na Mwana Jaha na Idarusi wamezikwa ubavu kwa ubavu. Jini Barkashi yu hai, maana umri wa majini ni mrefu. Na chachu ya mtungi ule i hai pia, kwa sababu kila jioni yuko mtu anayeilisha ganda la mkate wa jana.