Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, malango na majirani wambea, Nyati na Kifaru walikuwa walinzi wa kijiji. Walinzi gani, wanangu! Fisi alifungua kilabu cha pombe karibu na lango, akawa anawanywesha bure tangu asubuhi. Kufika adhuhuri, khrrr! khrrr! Lango zima linakoroma.

Alasiri moja Pimbi alirudi kutoka kuchanja kuni asimkute mwanawe, Chepe. Mlangoni akaona nyayo za Fisi. Moyo ukampasuka. Akakimbilia kilabuni, akawakuta walinzi wameamka, wanadai pombe ya kuzimua ulevi wa asubuhi.

"Kaka Nyati! Fisi kamchukua mwanangu!"

Nyati akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Fisi huyu? Muungwana anayetunywesha bure? Nenda zako nyumbani, Bi Pimbi!"

Pimbi hakufika hata magotini mwa Nyati. Kupigana asingeweza. Lakini macho alikuwa nayo, na aliona kwamba Fisi hajawahi kunywa hata tone.

Akafuta machozi. "Haya, yaishe. Ila jamani, mnakunywa hivihivi tu? Mwenye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu."

"Kweli bwana, ndiyo mila!" akasema Kifaru, akaweka kata chini.

"Mimi pombe hunichoma tumbo," Fisi akajiumauma.

"Inakuchoma? Basi ina sumu!" Pimbi akadakia.

"Ati nini?" Nyati akasimama, phuuu! Pembe mbele.

Fisi akanywa harakaharaka. Gluu, gluu, gluu!

"Na kibuyu hiki je? Na mtungi ule?" Kila Nyati alipousogeza mdomo, Pimbi alimzuia: "Ngoja kaka, huu haujaonjwa." Fisi akaonja, akaonja tena. Utamu ukamkolea, mwisho akawa anaonja bila kuambiwa.

"Fundi wewe!" Pimbi akamsifu. "Lakini unagawa bure, unapata nini? Mjinga wee!"

"Mjinga mimi?" Fisi akapepesuka. Hihihiii! "Wajinga ni hawa! Wakikoroma, mimi nabeba watoto. Wamo stoo hapo nyuma, nawanenepesha kwa sikukuu!"

Walinzi walikuwa hawajapata hata funda moja tangu waamke, wakasikia kila neno. Kifaru akaupiga mlango wa stoo, gwaa! Chepe akatoka mbio, akamrukia mama yake shingoni. Nyuma yake wakatoka wengine, na wa mwisho alikuwa ndama.

Nyati akakodoa macho. Alikuwa ndama wake mwenyewe.

"Baba," ndama akasema, "nimo humu tangu juzi. Nilikuita. Ulikuwa unakoroma."

Mama yake alikuwa msibani, ugenini, na baba hakujua hata kama mtoto hayupo. Nyati akalia hadharani, dume zima! Kisha akaipiga mitungi teke, pwaa! pwaa! Fisi akatimua mbio, akiuomba radhi kila mti aliougonga.

Ndiyo hivyo wanangu: anayekulewesha huku yeye hanywi, kuna kitu chako anakitaka.