Kifauongo cha Bi Barke

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii huambiwa mtu asiyeweza kungoja chungu kiive, akakipakua kibichi kisha akalaumu kuni. Lakini wapo pia wenye pupa ya kuhukumu, wanaoonja kijiko kimoja, wakatema na kwenda zao. Kisiwani Chovae, kusini ya Kismayu, enzi za Mtaliana, wenye pupa wa aina zote mbili walikutana katika ukumbi mmoja, na nusura chuo kizima cha Kurani kivunjike.

Bi Barke alikuwa mwalimu wa Kurani. Wasichana kumi na wanne walikuja kwake kila asubuhi, na hakupenda kitu duniani kama sauti zao wakisoma kwa pamoja. Ila alikuwa na ulimi mwepesi, mama huyo! Likimfurahisha jambo, kulinyamazia hawezi. Aliporudi kutoka harusini Kismayu, hata kupumzika hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaasha, ajuza mwenye magoti mabovu, ambako wanawake hukutana kusuka mikeka.

"Jamani, nimeona makubwa! Katika bustani ya Mtaliana, anakofanya kazi binamu yangu Omar, kuna mmea una haya kumshinda bibi harusi. Ukiugusa tu, unafumba majani na kuinama. Ukiuacha, unafumbua! Wenyewe wanauita kifauongo."

"Mmea ukawa na haya?" alicheka Bi Mwanapili, mama wa wasichana watatu wa chuoni. "Barke, jua la Kismayu limekuchoma utosi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Barke akapandwa na hamaki, akainua kidole. "Wallahi, nimeuona kwa macho yangu!"

Hapo kicheko kikakatika. Bi Mwanapili akaweka ukindu chini. "Sasa unamwapia Mungu kwa uongo, nawe ndiye unayewafundisha wanetu maneno yake? Haya, tuletee mmea huo tuuone. Mwezi wa Shaabani ukiandama hatujauona, wanetu tunawatoa." Wenzake wakaitikia, na Bi Barke akarudi nyumbani.

Bahati nzuri, Omar alikuwa amemfungia mbegu kumi katika pindo la leso. Siku ile ile alizifukia tano ndani ya kopo la mafuta, akazinywesha maji ya kisimani asubuhi na jioni. Zikachipua, akashangilia. Baada ya wiki moja zikaungua ncha, zikafa zote.

Mumewe, Badi, fundi wa majahazi aliyezunguka bandari nyingi, alichovya kidole katika ndoo akalamba. "Mke wangu, maji haya yana chumvi."

"Chumvi? Si ndiyo maji yetu matamu haya!"

"Matamu kwetu sisi tuliozaliwa nayo. Mbegu ya bara itayajulia wapi?"

Basi mbegu tano zilizobaki alizinywesha maji ya mvua yaliyokingwa pipani. Moja tu ndiyo iliyoota. Moja! Kila alfajiri Bi Barke aliuchuchumalia mche ule, akaugusa kwa ncha ya kidole, usitikisike. Siku zikapita. Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uandame, wasichana wakikariri ukumbini mwake, aliugusa tena. Vijani vikafumbana kimoja baada ya kingine, kijiti kikalegea na kuinama. Kigelegele alichopiga kiliwanyamazisha wanafunzi wote.

"Ngoja nikawaite waje hapa," alisema Badi.

"Ningoje nini? Nimeitwa mwongo miezi miwili mizima!" Akalipakata kopo na kutoka mbio, likirukaruka kiunoni pake vichochoro vyote mpaka kwa Bi Mwanaasha. "Haya, Mwanapili, gusa! Gusa ujionee!"

Bi Mwanapili akachungulia. Masikini Bi Barke! Kwa mitikisiko ile ya njiani mmea ulikuwa umejifumba wote. Majani yamebanana, vijiti vimening'inia. Aliugusa mwenyewe, akaugusa tena, usijali.

"Umetuletea mchicha wa juzi," alisema Bi Mwanapili. Akasimama, akakung'uta nguo. "Twendeni tukawatoe watoto leo hii."

Wakatoka wote. Bi Barke akaliweka kopo chini, akajiinamia akilia kwa kwikwi, maana chuo chake kilikuwa kikienda mbele ya macho yake. Bi Mwanaasha naye alitaka kuwafuata akashuhudie, lakini kwa magoti yale kusimama kulikuwa safari. Akashika ukuta, akapumzika, akajaribu tena. Ghafla akaacha kujaribu.

"Barke! Barke wee, nyamaza utazame!"

Vijani vilikuwa vikifunguka polepole, jozi baada ya jozi. Ajuza akanyoosha kidole kilichopinda, akagusa. Vikafumba.

"Subhanallah!" Sauti iliyomtoka ilifika mtaa wa pili. "Mwanapili! Rudini! Rudini nyote!"

Wakarudi mbio, wamewashika wasichana mikono. "Uko wapi? Mbona umefumba vile vile?" Bi Mwanapili akaunyooshea mkono.

Bi Barke akaupiga mkono ule kofi. "Kaa kitako. Hapana mtu wa kugusa. Leo tutangoja, na mimi wa kwanza."

Wakakaa. Mtoto mmoja akahesabu tasbihi nzima, akaanza ya pili. Jani la kwanza likafunguka, la pili, la tatu, mpaka mmea mzima ukasimama. Bi Barke akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Bi Mwanapili akagusa, majani yakafumba chini ya kidole chake, naye akaruka nyuma na kumwangukia jirani yake.

"Audhubillahi! Mwalimu, nisamehe! Nilikuita mwongo, kumbe uliapa kweli!" Machozi yalikuwa yakimtoka, na huku anacheka. Wasichana walishangilia mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Nimekusamehe," alijibu Bi Barke. "Pupa yangu ilinifanya nikimbie na kopo, na yako ikakutoa mlangoni kabla ya wakati. Haya, watoto, tukamalize somo!"

Wote kumi na wanne walimfuata. Na kati ya wanawake wote wa ukumbi ule, aliyeuona muujiza kwanza ni yule asiyeweza hata kuinuka upesi. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.