Kwa Nini Tembe Huinama Kabla ya Kutaga

Palikuwa na zama ambazo tembe, kuku jike anayekaribia kutaga, alikuwa siri. Upanga wake wa kichwani ulibaki mweupe tangu udogo wake hadi uzee, na kuku aliyekwisha kutaga mara nyingi hukuweza kumtofautisha na yule ambaye hajaanza. Ukimkaribia, alikimbia. Akitaga, alitaga kimya kichakani, akaondoka kama aliyeiba. Mwenye kuku alijua kuwa kuku wake ametaga pale tu alipolikanyaga yai.

Zama hizo aliishi mjane aitwaye Nyamizi, katika kijiji cha wakulima wa mtama. Mwaka wa kideri, ule ugonjwa wa kuku, kuku wote wa kijiji walikufa, isipokuwa tembe wake wanne na jogoo mmoja, kwa kuwa alikuwa amewafungia nyuma ya jiko akiogopa mwewe. Mwaka huohuo mvua haikunyesha. Mtama uliobaki ulikusanywa katika kihenge kimoja, na wazee wakaweka sheria: kisichotoa kisile. Mbuzi asiyekamwa alichinjwa. Punda aliyelemaa alichinjwa. Jogoo alisamehewa. Walisema anatoa alfajiri, maana bila sauti yake watu wenye njaa wasingeamka kwenda kutafuta maji.

Nyamizi alikuwa na sababu ya kutaka tembe wake waishi. Binti yake Kabula alikuwa amejifungua, na maziwa yalikuwa yanamkauka. Nyama ya kuku ni ya siku moja, na kwa sheria ile ingegawanywa kijiji kizima. Yai lilikuwa mali ya mwenye kuku. Tembe wanne wakianza kutaga, Kabula angepata cha kula mpaka mvua irudi, na mtoto angenyonya. Basi Nyamizi aliwagawia mtama wa sahani yake mwenyewe, yeye akalalia uji mwepesi. Kila kulipokucha alipekua majani nyuma ya jiko. Hakukuta kitu.

Kisu cha kijiji alikabidhiwa Shigela, ndugu wa marehemu mumewe. Asubuhi moja alikuja nacho, akasimama akiwatazama tembe wakiparura.

"Shemeji, hawa mabibi harusi wako watatoka ndani lini?"

"Bado kidogo, shemeji. Huoni walivyonenepa?"

"Hata mimi ningenenepa ningelishwa bure."

"Niachie mpaka mwezi uandame."

"Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo. Nionyeshe dalili moja tu, niende zangu."

Nyamizi aliwatazama. Hakuwa na dalili. Akasema yale ambayo mtu husema akiishiwa: kwamba moyo unamwambia, kwamba ameota.

"Ndoto haipikwi, shemeji," alisema Shigela. Hakuwa mkatili. Kwake pia kulikuwa na watoto.

Sheria ilitaka mwenye mnyama amkamate kwa mikono yake mwenyewe, ili baadaye asije akasema ameporwa. Nyamizi akawakamata. Walipiga kelele, wakapapatika, akawabana miguu. Shigela akachinja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kabula alikaa kando na sufuria ya maji ya moto, mtoto mgongoni, akinyonyoa.

Tembe wa nne alikuwa amekimbilia pembeni, kati ya ukuta na rundo la kuni. Hakukuwa na pa kupita. Nyamizi alipomnyooshea mkono, tembe hakukimbia tena. Alichuchumaa, akatandaza mbawa kidogo, akabana kichwa, akatulia. Mkono ukatua mgongoni pake. Shigela akainama juu yao na kisu, na damu ya wale watatu ikadondoka kwenye upanga mweupe wa tembe.

"Mama!" Kabula aliita. "Mama, njoo uone!"

Alikuwa amempasua wa kwanza. Ndani mlikuwa na viini vimepangana, kuanzia kidogo kama punje ya uwele hadi kikubwa cha manjano. Na mbele ya vyote palikuwa na yai zima, lenye gamba gumu. Lingetagwa siku hiyohiyo au kesho yake. Wakawapasua wawili waliobaki. Nao walikuwa hivyohivyo.

Shigela alilitazama lile yai, kisha akamgeukia tembe wa nne.

"Na huyu?" aliuliza.

"Sijui," Nyamizi alijibu. "Hata hao sikujua."

Shigela akafuta kisu kwenye majani. "Mwache," alisema, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake tembe yule alitaga nyuma ya jiko. Hakunyamaza kama mama zake. Alikuwa ameona sheria ilimsamehe jogoo kwa sauti yake, basi alisimama juu ya kuni akatetea mpaka Shigela akamsikia kutoka nyumbani kwake. Kabula alilila yai lile, na mengine yaliyofuata. Hayakutosha. Mtoto alizikwa kabla mvua haijarudi, na Kabula hakutaka tena kuona yai. Nyamizi akamwachia tembe mayai yake ayaatamie. Kuku wote wa nchi ile ni uzao wake.

Kuanzia kizazi hicho, tembe anapokaribia kutaga upanga wake huacha weupe na kuwa mwekundu, na ukimgusa mgongo huchuchumaa na kutandaza mbawa. Akishataga hutetea, watu wote wasikie. Wenye kuku wakiona hivyo huandaa kapu lenye majani makavu, na kumwambia mwenye kisu asubiri.

Lakini tembe huinama kwa kila mkono unaomgusa, uwe wa kumlisha au wa kumchinja. Yule wa kwanza kuinama aliinama chini ya kisu, Kabula akiwa bado hajaita.