Jitu Lililonuka Nta

Paukwa!

Pakawa!

Nani anasinzia huko nyuma? Nasema paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani sana, kulikuwa na kijiji cha warina asali kando ya msitu. Mrina mmoja, Shigela, akaenda kurina ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Ya tatu, mkewe Kabula akaenda mtoni, na kwenye tope akaona nyayo. Nyayo gani hizo! Ndefu toka kiwiko hadi ncha ya kidole, hazina vidole, zimeingia kichakani.

Kabula akapiga yowe, uuuwi! Kijiji kizima kikaja mbio, tim, tim, tim. Wakasema ni lile jitu la manyoya linalosemwa kuishi ng'ambo ya mto, limemla Shigela na sasa limekuja kuwamaliza. Nyasi zilikuwa kavu. Wakawasha vienge wakichome kichaka, na Kabula, kwa uchungu, ndiye aliyetangulia na moto.

Sasa, alikuwepo bibi mmoja, Nyamizi. Jamani, alikuwa mwerevu yule! Lakini mwendo wake, hata kuku walimpita. Ko, ko, ko, na fimbo yake, akafika wa mwisho. Akawaambia wangoje. Akapima nyayo kwa fimbo. Akainama, akanusa.

"Mguu mrefu, hatua fupi kama zangu," akasema. "Na jitu gani linanuka nta?"



Desturi ya warina ni hii: ukisikia mluzi wa mrina porini, lazima uujibu, hata kama mmegombana. Bibi Nyamizi akapiga mluzi. Fiii-fi! Kimya. Fiii-fi! Na kichakani, kwa mbali, kwa unyonge: fiii... fi.

Kabula akatupa moto mtoni, akajitosa kichakani. Alikuwa Shigela! Nyuki wamemvimbisha uso. Kienge chake cha kufukizia nyuki kilimwangukia kikamuunguza miguu, akaifunga kwa magome ya mzinga.

Kabula alilia, akacheka, akalia tena. Kisha akamuuliza alivukaje mto ule wa kasi na miguu ile.

"Nilibebwa," akasema Shigela. "Macho yalikuwa yamevimba, sikuona. Nilishika manyoya tu."

Lo! Wakakimbilia ukingoni. Kweli, mchangani zilikuwepo nyayo nyingine, kubwa, za vidole vitano, zinarudi majini. Vijana wakashika mikuki, wavuke wakalisake.

Bibi Nyamizi akaweka fimbo yake mbele yao.

"Ninyi mliona nyayo za mwenzenu mkasema ni jitu," akasema. "Jitu lilimwona mwenzenu, likajua ni mtu."

Mikuki ikashuka, mmoja mmoja. Hakuna aliyevuka.

Basi wanangu, kabla hujawasha moto, piga mluzi kwanza, usikie nani atajibu. Mimi hadithi yangu nimeitua hapa, anayeitaka aibebe.