Kwa Nini Lundo la Msengi Ni Pana Hivyo

Sogeeni, nyinyi mnaouliza habari za lile lundo la mawe bondeni. Hapo kale wafugaji wa nchi hii hawakuweka alama juu ya wafu wao. Walizika, wakasawazisha udongo, wakahama kufuata majani.

Mwaka mmoja wa ukame, Msengi alimzika mama yake njiani. Alitaka kubaki walau hadi jioni, lakini ndugu zake walikwisha kuwaswaga ng'ombe.

"Twende, Msengi. Mifugo inakufa kwa kiu."

Akaenda. Walipofika kwenye maji, wenzake walikunywa wakapumzika. Yeye hakutulia. Akikaa, anainuka, akiinuka, anageuka kutazama walikotoka. Mvua ziliponyesha alishindwa kuvumilia. Akawaachia ndugu zake ng'ombe wake, akarudi.

Alikuta bonde zima limeota majani, na mkulima aitwaye Kitundu anafyeka ili apande mtama.

"Usilime hapa, ndugu yangu. Mama yangu amelala humu."

"Pole sana," Kitundu akajibu. "Nionyeshe mahali penyewe, nami nitapakwepa."

Msengi akaenda huku, akarudi kule. Akapapasa ardhi kwa viganja. Kila mahali palifanana na pengine. Akaona aibu, maana hakupajua.

Basi akaanza kubeba mawe kutoka mtoni. Alifunika pale alipodhani, shaka ikamwingia, akafunika na pembeni, kisha upande wa pili. Kila alipojinyoosha alihisi ameruka kipande, na huenda ndicho. Mabega yakamchubuka. Mke wa Kitundu, Nalogwa, alimtazama mpaka uchungu ukamshika, akaokota jiwe akaliweka.

"Mwache mama wa watu apate pa kulala," alimwambia mumewe. "Sisi tutalima kando."

Kitundu naye akainama, akabeba. Wapita njia wakauliza, wakaambiwa, wakabeba pia.

Msengi alikufa mzee, bado anasogeza ukingo. Hakupata kujua.

Na tangu siku hiyo lundo lile ni pana kuliko kaburi la mtu yeyote, majembe hulizunguka, na kila apitaye huongeza jiwe. Siku hizi serikali imelizungushia uzio, na mlinzi hamruhusu mtu kuingia. Watu huweka mawe yao nje ya uzio, na lundo linazidi kutanuka.